Je, wajua kwa nini kamera ya zamani huozea kabatini?

Wapenzi wa kamera za mkanda wana ugomvi wao wa siku nyingi. Kuna wakusanyaji, ambao kwao kamera ni mali ya kutunzwa: ikae kwenye kabati la vioo, isishikwe hovyo, rangi isichubuke. Halafu kuna wapigaji, ambao kwao kamera isiyopiga picha ni chuma chakavu tu. Hoja ya mkusanyaji ni kwamba kinachotumika huchakaa, kwa hiyo kisichotumika kitadumu. Penye hewa kavu, hoja hiyo ina mashiko. Dar es Salaam hoja inageuka. Kamera iliyofungiwa miaka 10 kwenye kabati la Upanga au Mbagala mara nyingi hutoka na hali mbaya kuliko mwenzie iliyokuwa ikipelekwa harusini kila Jumamosi.

Mharibifu mkuu ni fangasi. Mbegu zake hazionekani kwa macho na zimo hewani kila mahali, kwa hiyo hakuna kamera isiyokuwa nazo. Zinachongoja ni unyevu, giza na utulivu, na kabati linavitoa vyote. Unyevu wa hewa ukikaa muda mrefu juu ya asilimia 65 au 70, zinaanza kuota. Jijini kwetu asubuhi nyingi hupita asilimia 80, achilia mbali masika. Chakula chake ni vumbi, mvuke wa grisi na alama za vidole vya mtu aliyewahi kuishika lenzi. Tatizo ni kwamba fangasi ikila hutoa asidi, na asidi hiyo inatafuna ule utando mwembamba wenye rangi ya zambarau au kahawia uliopakwa juu ya lenzi kupunguza mng'ao. Ikiachwa zaidi, kioo chenyewe kinachimbika. Fundi mzuri anaweza kuifungua lenzi na kuifuta fangasi yote, lakini palipochimbika hapafutiki.

Kasha la ngozi ndilo linalowaponza wengi. Wazee waliotuachia Zenit na Yashica zao walizifunga humo kwa nia njema kabisa. Lakini ngozi hunyonya unyevu na kuushikilia hata baada ya mvua kukatika, na yenyewe ni chakula cha fangasi. Ukirithi kamera, kitu cha kwanza ni kuitoa kwenye kasha. Kasha liweke kwingine kama kumbukumbu.

Kuikagua lenzi hakuhitaji fundi. Kama inatoka kwenye kamera, itoe na ufungue tundu lake la kupitishia mwanga hadi mwisho. Kama haitoki, mfano kwenye Yashica-Mat, fungua mgongo wa kamera, weka kasi ya kupiga kwenye herufi B, inayouacha mlango wa mwanga wazi, kisha bonyeza na ushikilie. Sasa mulika tochi ya simu kutoka nyuma, kwa pembe, usiielekeze moja kwa moja kwenye jicho lako. Vumbi litaonekana kama nukta, na kila lenzi ya zamani inalo, halina shida. Fangasi ni nyuzi nyeupe nyembamba zenye matawi, mara nyingi zikianzia pembeni kuelekea katikati. Nyuzi chache za pembeni hazitaharibu picha zako. Zikisambaa, picha hufifia, hasa ukipiga kuelekea kwenye mwanga.

Mpigaji anaepukaje haya? Kutumia hakuui fangasi. Ila kamera inayotumika inatoka gizani, inapata hewa na mwanga, inafutwa, na mwenyewe anaiangalia. Fangasi inaonekana ingali changa. Mpigaji naye ana mtego wake, kiyoyozi. Ukishuka kwenye gari lenye baridi pale Posta saa saba mchana na kuitoa kamera papo hapo, lenzi inapata umande, na umande huo haubaki nje tu. Iache ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ipate joto la nje.

Mharibifu wa pili ni mafuta, na hapa tofauti kati ya kamera inayotumika na iliyolala inasikika kwa masikio. Ndani ya kamera ya kimakanika kuna springi na gia ndogo zinazohesabu muda wa shata, yaani mlango unaofunguka na kufunga kuruhusu mwanga. Grisi ikikaa miaka bila kuguswa hukauka na kunata, huku mafuta mepesi yakijitenga na kutambaa mpaka kwenye vipande vyembamba vinavyofunga tundu la lenzi. Joto letu linaharakisha kazi hiyo. Weka kasi ya sekunde 1 na ubonyeze. Kamera yenye afya inanguruma kidogo, zzzz, halafu inafunga. Iliyolala inakwama katikati ya mngurumo, au inafungua isifunge kabisa. Kasi kubwa huwa hazionyeshi ugonjwa huu mapema, ndiyo maana muuzaji mjanja atakubonyezea ya 1/250 tu. (Zenit-E haina hiyo ya sekunde 1, kasi yake ya chini ni 1/30, kwa hiyo isikilize hapo.)

Hata flashi za zamani zina tabia hiyo. Kapasita yake, yaani kifaa kinachohifadhi umeme wa kuwasha flashi, hupoteza utando wake wa ndani ikikaa bila umeme, na ikichajiwa mara kwa mara utando unajijenga upya.

Wapigaji wasishangilie mapema. Sponji nyeusi zinazozuia mwanga kwenye kamera nyingi za Kijapani za miaka ya 1970 na 1980 huyeyuka na kuwa lami, utumie usitumie. Na matumizi mabaya huua haraka kuliko kabati. Leica za zamani, na Zorki na FED za Kisovieti, hazina kioo cha ndani cha kukinga mwanga; pazia lao la kitambaa, ambalo ndilo shata, liko nyuma ya lenzi moja kwa moja. Iache mezani Coco Beach lenzi ikitazama jua bila kifuniko, na jua litalitoboa pazia. Kwenye Zorki nyingi, ukibadili kasi kabla ya kukokota mkanda unaweza kuvunja mtambo. Na chumvi ya baharini hutafuna kila chuma.

Wakusanyaji hupenda kutaja bei. Mwezi Juni 2022, mnadani Wetzlar, Ujerumani, Leica namba 105 ya mfululizo wa 0, yaani zile za majaribio, iliuzwa kwa euro milioni 14.4. Kweli, kamera ya namna hiyo sitamshauri mtu aende nayo Kariakoo. Lakini thamani ile ilitokana na nini? Ilikuwa ya Oskar Barnack, mbunifu wa Leica, aliyekuwa akiitumia mwenyewe. Zilizojaa majumbani kwetu ni Zenit, Yashica na Pentax K1000, ambayo ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997. Si adimu hata kidogo. Kuzifungia ili zipande bei ni kuzipoteza mara mbili.

Kuitumia si lazima ununue mkanda kila wiki, maana mikanda ni ghali. Mara moja kwa mwezi ichezeshe tupu: piga kila kasi mara kadhaa, zungusha lenzi na tundu lake mwisho hadi mwisho, iache springi zikiwa zimelegea, na betri itoe. Kisha iweke kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na silika jeli, vile vipunje vinavyonyonya unyevu, unyevu ukae kati ya asilimia 40 na 50. Mchele wanaoushauri watu ni wa kupika. Haukaushi vya kutosha, na unga wake unailisha fangasi.

Ukiamua kupiga na kusafisha mkanda mwenyewe, jiandae na joto. Dawa ya mkanda wa nyeusi na nyeupe kwa kawaida hupimwa kwa nyuzi 20, na maji yaliyoshinda kwenye tangi la Dar yanaweza kupita 30. Kwa joto hilo muda wa kusafisha unafupika mpaka chini ya dakika 5, na mkanda unaweza kutoka na mabaka. Tumia barafu, lakini kuzunguka chupa ya dawa, isiingie ndani ikaizimua. Mkanda wa rangi ndio uliokaa upande wetu: dawa yake inataka nyuzi 37.8 kwa dakika 3 na sekunde 15, na maji yetu yameshafika karibu na huko kabla hujawasha jiko.