Samaki wako wa maji chumvi anaumwa? Weka kwanza chini hiyo tetrasaikilini

Kila mwaka, tarehe 18 hadi 24 Novemba ni wiki ya kukumbushana matumizi sahihi ya antibiotiki, na sisi wa afya ya wanyama hapa Mwanza huzunguka kuzungumzia UVIDA, yaani usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Kwa kawaida tunawalenga wafuga kuku, wenye ng'ombe wa maziwa na wenye vizimba vya sato. Wenye matangi ya kioo sebuleni hatukuwa tukiwafikiria. Sasa inabidi, kwa sababu tunaletewa samaki wa baharini waliokwisha kutiliwa dawa za binadamu, na karibu wote wanafika wakiwa wamechelewa.

Bwana mmoja wa Buzuruga alifika dirishani kwetu asubuhi amebeba kopo la aiskrimu. Ndani yake kulikuwa na samaki wa baharini aitwaye kangaja, mdogo wa bluu, amelala ubavu, mashavu yanapiga mbiombio.

"Daktari, huyu ni wa pili. Mwenzake kafa jana. Nimewawekea rangi mbili tatu, lakini wapi."

Alikuwa amefungua vidonge vitatu vya tetrasaikilini, antibiotiki ambayo watu huiita rangi mbili, akamwaga unga wake kwenye tangi. Nikamuuliza sababu. Samaki walikuwa na vidoa vyeupe. Vilikaa siku ngapi? Akafikiri kidogo, akasema vilikuwa vinakuja asubuhi na mchana havipo, jioni vinarudi, tangu aliponunua pampu mpya ya hewa. Mzee wangu, ugonjwa hauna ratiba ya namna hiyo. Vile vilikuwa viputo vya hewa vilivyonata kwenye ute wa samaki. Baada ya hapo, ili kuondoa vijidudu, alilitoa chujio akaliosha kwa sabuni ya unga na maji ya bomba. Bakteria wote wanaokula amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki, wakaenda na povu. Tulipopima maji aliyokuja nayo, amonia ilikuwa imepanda kiasi kwamba cha kushangaza ni yule kangaja kufika kwetu akiwa hai.

Naomba nieleweke: makala haya hayachukui nafasi ya uchunguzi wa daktari wa wanyama aliyesajiliwa, na namba zitakazotajwa hapa si maelekezo ya tiba. Nia ni kumsaidia mwenye samaki ajue anachokiona kabla hajatia kitu chochote majini.

Watu wa Mwanza hawahitaji kufundishwa kumtazama samaki. Nenda Mwaloni pale Kirumba uone mama anavyofunua shavu la sangara, anaangalia wekundu, anabonyeza ubavu, anatazama kama jicho limezama, na ndani ya sekunde tano ameshajua samaki huyo amelala barafuni muda gani. Mama huyohuyo akifika nyumbani mbele ya tangi anakuwa mgeni wa samaki. Jicho ni lilelile, mama. Tofauti ni kwamba huyu hushiki.

Maji kwanza

Samaki akibadilika tabia, cha kwanza kushika ni vipimo vya maji. Joto liwe nyuzi 24 hadi 27, hidromita, yaani kipimo cha chumvi ya maji, isome kati ya 1.024 na 1.026, pH 8.1 hadi 8.4, amonia na nitriti sifuri. Sifuri maana yake sifuri. Mfugaji wa sato huniambia amonia ya miligramu 0.5 kwa lita haijawahi kumwulia samaki, naye hasemi uongo, kwa sababu kwenye bwawa lenye pH 7 ni chini ya asilimia 1 tu ya amonia hiyo iliyo katika hali ya sumu. Kwenye maji chumvi yenye pH 8.2 na joto la nyuzi 26, sehemu yenye sumu inafika asilimia 7 hadi 9. Kipimo kinasoma namba ileile na sumu imezidi zaidi ya mara kumi.

Kuna jambo ambalo maandishi ya nyuma ya pakiti hayasemi, maana yameandikwa kwa watu wa pwani. Sisi tuko juu. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 kutoka usawa wa bahari. Kwenye nyuzi 25, maji baridi ya pwani, yaani yasiyo na chumvi, hubeba miligramu 8 na kidogo za oksijeni kwa lita, maji ya bahari hubeba kama 6.7 tu, kwa sababu chumvi inapunguza. Yapandishe maji hayo ya bahari hadi hapa Mwanza na inabaki chini kidogo ya 6. Samaki wa chumvi wa Nyegezi anaishi karibu na ukomo wa pumzi zake hata siku ambayo kila kitu kiko sawa. Umeme ukikatika saa mbili usiku na tangi limejaa, asubuhi utawakuta wote juu ya maji wanahema, nawe utasema ni ugonjwa wa mashavu. Pampu ndogo ya betri ni bei nafuu kuliko samaki mmoja.

Halafu chumvi yenyewe. Kuna anayetengeneza bahari kwa chumvi ya Uvinza. Chumvi ya Uvinza ni nzuri kwa ugali wako na mboga zako. Karibu yote ni sodiamu na kloraidi, ilhali maji ya bahari yana magnesi, kalsiamu, potasi na bikaboneti kwa uwiano wake. Hidromita itasoma 1.025 vizuri kabisa na samaki atakufa palepale mbele ya hidromita. Tumia chumvi ya bahari iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi, au usifuge samaki wa bahari. Sato wa mapambo wapo, na furu wetu wa ziwani wana rangi za kutosha.

Kosa jingine ni la kujazia. Maji yanapungua kwa joto, mtu anajazia kwa maji ya chumvi kwa sababu anafuga samaki wa chumvi. Chumvi haipai, maji ndiyo yanayopaa. Weka alama ya kalamu kwenye kioo, yakishuka jazia maji baridi yaliyotolewa klorini. Na hidromita ile ya mkono wa plastiki ikiwa na kiputo kimoja tu chini ya mkono inasoma juu kuliko ukweli. Igonge kwa kidole kwanza.

Kumsoma samaki

Hesabu pumzi. Chukua saa, kaa mbali na kioo kabla hujamlisha, hesabu mara ngapi kifuniko cha shavu kinafunguka kwa dakika moja, andika. Fanya hivyo wiki nzima akiwa mzima. Wanaotuuliza "pumzi za kawaida ni ngapi" wanatafuta namba moja kwa samaki wote, na hiyo haipo. Ya kwako ni ile uliyoiandika mwenyewe. Ikipanda kwa nusu na maji yamepimwa yako sawa, basi hapo tuna jambo la kuchunguza.

Samaki kubadilika rangi usiku si ugonjwa. Kangaja hupauka na kuwa na mabaka akilala, akiwashiwa taa ghafla anaonekana kama ameungua. Wapo wanaojifukia mchangani, na wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe hulala wameinama upande. Tumewahi kuletewa mmoja wa hao aliyekuwa amelala tu.

Sasa vidoa, ambavyo ndivyo vinavyowachanganya watu kuliko kitu kingine. Vikiwa kama punje za chumvi ya mawe, vinahesabika, vimekaa kwenye mapezi na ubavuni, na samaki anajisugua kwenye mawe, shuku kimelea kiitwacho Cryptocaryon. Vikiwa laini kama vumbi la unga, vya njano au kijivu, vinaonekana vizuri ukimmulika kwa tochi kutoka ubavuni, na pumzi zimepanda kabla vumbi halijaonekana, shuku Amyloodinium. Huyu wa pili hasubiri. Anaua ndani ya siku chache, mara nyingi kwa kuziba mashavu. Ute unaobanduka kama ngozi iliyoungua jua, hasa kwa wale wa rangi ya chungwa, ni dalili ya Brooklynella. Vinundu vigumu vinavyofanana na koliflawa kwenye kingo za mapezi ni virusi vya limfosisti: havina dawa, kwa kawaida vinaondoka vyenyewe kwa wiki au miezi, usivikwangue.

Nikae kidogo kwenye Cryptocaryon, kwa sababu ndiyo inayoleta ile kauli ya "nilimpa dawa akapona, ikarudi". Hakupona. Kimelea hukaa ndani ya ngozi siku 3 hadi 7, kinashiba, kinajidondosha chenyewe. Hapo samaki anaonekana safi na mwenye tangi anaisifu dawa, iwe tetrasaikilini, kitunguu saumu au maombi. Kule chini kimelea kimejifunga gamba kwenye mchanga na mawe, kinajigawa. Gamba likipasuka, baada ya siku 3 kwa baadhi na wiki 4 au zaidi kwa wengine, wanatoka watoto hadi mia mbili na kuendelea, kila mmoja akitafuta samaki ndani ya siku moja au mbili. Ndiyo maana wimbi la pili ni kali kuliko la kwanza. Ndiyo maana pia tunashauri samaki wote wahamishiwe tangi la karantini na tangi kubwa likae bila samaki wiki 11. Watu wakisikia wiki 11 wananitazama kana kwamba nimewatukana.

Majeraha yanatambulika kwa ukingo wake. Pezi lililochanwa na mwenzake lina ukingo safi na litaota. Ukingo uliochakaa, mweupe wenye wekundu nyuma yake na unaosogea kila siku, hiyo ni kuoza na ina bakteria. Jicho moja likivimba, mara nyingi amejigonga au amepigwa. Yakivimba yote mawili, rudi kwenye maji au fikiria maambukizi ya ndani. Alama ndefu ubavuni kama ya wembe, na una kangaja wawili tangini, mtuhumiwa unaye: kangaja ana kisu kwenye shina la mkia, na kinakata hata kidole cha binadamu.

Dawa

Tetrasaikilini haiui Cryptocaryon wala Amyloodinium. Hao si bakteria. Na hata pale ambapo bakteria ndio tatizo, kalsiamu na magnesi za maji ya bahari hushikana na tetrasaikilini, kwa hiyo sehemu kubwa ya ile uliyomwaga haimfikii samaki kabisa. Inayobaki ni kuwazoesha dawa bakteria wa tangini, wale wale unaowaingizia mkono wenye mkwaruzo kila Jumamosi ukisafisha kioo.

Mrututu, ile chumvi ya shaba, ni habari nyingine, kwa kuwa shaba kweli inaua vimelea hivyo viwili. Lakini kiwango chake ni miligramu 0.15 hadi 0.20 za shaba kwa lita, kipimwe asubuhi na jioni, katika tangi tupu lisilo na mchanga, matumbawe, kamba wala anemoni. Mrututu wa duka la pembejeo hupimwa kwa kijiko. Kijiko cha chai ni kama gramu 5, na robo yake ni shaba. Kwenye tangi la lita 200 hiyo ni zaidi ya miligramu 6 kwa lita, mara thelathini ya kiwango cha juu. Tafadhali.

Kisheria, tiba ya wanyama, samaki akiwemo, ni kazi ya waliosajiliwa au kuandikishwa na Baraza la Veterinari chini ya Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003. Kuingiza nchini samaki hai, au kuwahamishia kwenye maji ya asili, kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake. Ukinunua, chukua risiti na nakala ya kibali cha muuzaji, vyote viwili, vikiwa na tarehe, aina na idadi ya samaki. Risiti peke yake si kibali. Kibali cha mwaka jana si kibali. Na samaki uliyemchoka usimwachie ziwani kwa huruma: maji baridi yataingia mwilini mwake asivyoweza kuyatoa, atakufa, na wewe utakuwa umetenda kosa. Maji yenye mrututu nayo usiyamwage kwenye mtaro unaoelekea ziwani.

Kuleta sampuli

Samaki aje akiwa hai, akiwa na dalili, kabla hajapewa dawa. Aliyekufa aje ndani ya saa chache, katika mfuko uliofungwa na kuwekwa juu ya barafu, asigusane nayo, wala asigandishwe. Akigandishwa vimelea vinapasuka na hadubini haioni kitu. Aliyekufa tangu jana hatusaidii, na tutakwambia hivyo hapohapo.

Maji ya tangi yaje kwenye chupa ya pili, lita 1, imejazwa hadi mdomoni. Maji aliyosafiria samaki hayafai kwa kipimo, yameshachafuliwa njiani. Andika kwa penseli kwenye karatasi: ukubwa wa tangi, tarehe ya samaki wa mwisho kuingia, ulichokitia majini, na hapo usione aibu, kiandike hata kama ni kitunguu saumu. Utepe wenye jina lako ubandikwe kwenye chombo, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana mapokezi. Kopo la aiskrimu linakubalika, mradi limeoshwa bila sabuni.