Mtaro wa Warumi jangwani ulikuwa wa nini?

Ukitaja mipaka ya dola ya Roma, wengi huukumbuka ukuta wa Hadrian kule Uingereza: kilomita 117, ulioanza kujengwa mwaka 122 BK. Lakini ukuta huo ulikuwa na lango karibu kila kilomita moja na nusu. Anayetaka kuziba njia hajengi milango yote hiyo.

Mimi ni mwanaakiolojia wa Afrika Kaskazini, na huku ndiko jambo hili linakoonekana waziwazi. Nchini Algeria kuna Fossatum, yaani mtaro wenye tuta la udongo kando yake, ambao Jean Baradez, afisa wa jeshi la anga la Ufaransa, aliufuatilia kwa picha za ndege na kuuandikia kitabu mwaka 1949. Jeshi lingeuvuka bila shida kubwa. Kundi la kondoo na mbuzi, hapana. Mchungaji aliyetoka jangwani wakati wa kiangazi kutafuta malisho ya kaskazini alilazimika kuufuata mpaka langoni, na langoni palikuwa na askari.

Huko Zarai, Algeria vilevile, kikosi cha Kirumi kilichokaa hapo kilipohamishwa, mwaka 202 palichongwa jiwe la viwango vya ushuru. Mtumwa dinari moja na nusu. Farasi dinari moja na nusu. Mistari hiyo miwili hunikaba koo kila niisomapo: mtu na mnyama, bei moja ya kupita. Mifugo iliyopelekwa mnadani haikutozwa kitu, maana Roma ilitaka soko lichangamke.

Ila ninachokipenda kuliko vyote ni vigae vya Bu Njem, ngome iliyojengwa mwaka 201 katika jangwa la Libya. Karani aliokota kipande cha mtungi uliovunjika, akaandika kwa wino hesabu ya siku: wangapi wapo, nani mgonjwa, nani yuko zamu ya lango, nani ametumwa kupeleleza njia. Walinzi wa vituo vya mbali nao walileta taarifa zao kwa njia hiyohiyo. Mmoja aliandika kwamba Wagaramante wameingia na shayiri, wakiwa na baghala wanne na punda wanne.

Wagaramante ni wale ambao waandishi wa Roma waliwaita maadui wa jangwani. Hapa wanaleta chakula, na kazi ya mlinzi ni kuwahesabu punda.