Kikande akirudi mwambani

Ukiniuliza mwindaji mkuu wa mwamba wa Malindi ni nani, sitakutajia papa. Nitakutajia kikande, yule wa mistari ya rangi ya chungwa, asiyezidi sentimita 30. Ana meno ya kuvunjia urumba, wale wenye miiba wanaotuchoma miguu maji yakitoka.

Urumba hula mwani, lakini akila hukwangua hata jiwe lenyewe. Wakizidi, mwamba huliwa upesi kuliko matumbawe yanavyoujenga, na pono na tafi hukosa malisho, kwa kuwa urumba huvumilia njaa ambayo samaki haiwezi. Watafiti wa miamba Tim McClanahan na Nyawira Muthiga walilipima jambo hili pwani yetu tangu miaka ya 1980, tena kwa njia rahisi: urumba anafungwa uzi, anaachwa mwambani, kisha unarudi kuangalia. Akiwa ameliwa, gamba lilivyovunjika linakuonyesha ni nani aliyemla. Ndani ya hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka 1968, waliliwa upesi. Kwenye miamba inayovuliwa, wengi walisalimika.

Kinachonivutia zaidi ni tabia. Penye kikande, urumba hushinda mchana mashimoni. Pasipo kikande, huzagaa hadharani. Hofu tu inatosha kubadilisha malisho.

Wamarekani nao walilitarajia hilo huko kwenye hifadhi ya Yellowstone, walipowarudisha mbwa mwitu 31 (wale wanaoitwa wolf kwa Kiingereza, si wa Afrika) kutoka Kanada mwaka 1995 na 1996, karibu miaka 70 baada ya kuwamaliza. Elki, jamii ya kulungu wakubwa wa kule, walipungua (dubu na wawindaji nao walichangia), na mierebi, miti wanayoila, ikarefuka mahali fulani. Mahali pengine ilibaki mifupi. Biva, wanyama wanaojenga mabwawa, walikuwa wameshatoweka; vijito vikachimbika, maji ya ardhini yakashuka. Mbwa mwitu alirudi nyumba ikiwa imeshahamwa.

Kwetu vilevile. Watafiti waliwahi kuwaondoa urumba kwa mikono kwenye miamba inayovuliwa, na mwani ukashamiri, maana samaki wa kuula walikuwa wachache. Kwa hiyo kikande peke yake, bila pono na tafi, angetuletea mwamba wa kijani.

Bahati nzuri, kikande haletwi kwa ndege wala kwa mashua. Uvuvi ukikoma, huja mwenyewe, na wengine huja pamoja naye. Tatizo ni muda. Kwenye hifadhi ya Mombasa, uvuvi ulipozuiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, urumba walianza kupungua, lakini kikande kurudia wingi wake ni kazi ya miongo. Ndiyo maana nasikia uchungu ninapoambiwa tengefu fulani, yaani eneo lililofungwa lisivuliwe, lifunguliwe baada ya miaka michache kwa sababu tafi wameshajaa. Tafi hukua haraka. Huyo si kipimo. Wala tusimpakie kikande mzigo usio wake: joto la bahari la 1998 liliua matumbawe mengi hata ndani ya hifadhi yetu, na hakuna samaki angelizuia.

Kwa wenye malema, ile mitego ya samaki, ombi langu ni dogo. Kikande akiingia angali hai, mrudisheni majini. Bei yake sokoni ni ndogo, na urumba atakaowala mwaka mzima wangemaliza malisho ya tafi mtakaowavua kesho.