"Ninauona!": michezo ya maneno kwa safari ndefu na watoto

Kila likizo inapokaribia, wazazi wa wanafunzi wangu huniuliza wawashughulishe vipi watoto garini kutoka Dar es Salaam hadi Iringa, safari ya takriban kilomita 500, pasipo kuwakabidhi simu. Nikiwa mwalimu wa Kiswahili wa madarasa ya chini, nawajibu kwamba michezo ya maneno inatosha, mradi ijengwe juu ya silabi na ngeli, kwa sababu ndivyo lugha yetu ilivyoumbwa. Ipo pia faida ya kiafya: mtoto anayekodolea macho kitabu au skrini garini hupata kichefuchefu upesi, kwani macho yanamwambia kuwa ametulia ilhali sikio la ndani linahisi mwendo. Mchezo wa mdomo humwacha atazame nje.

Ninaoupenda kuliko yote ni ule wa kubahatisha kitu kinachoonekana. Mtoto mmoja huchagua kitu nje ya dirisha, kisha hutoa kidokezo kimoja tu, yaani kitenzi chenye kiambishi cha ngeli. Akisema "Ninauona!", wenzake wanajua papo hapo kwamba si lori wala si nyumba, bali huenda ni mti, mlima, mto au mnara wa simu. "Ninaliona" huelekeza kwenye daraja, jiwe au shamba. "Ninakiona" kwenye kibao, kibanda au kilima. Wanaobahatisha nao hulazimika kuuliza kwa upatanisho ule ule: "Una majani?" "Uko mbali?" "Tumeupita?" Mtoto aliyechagua daraja kisha akasema "ninaiona" huwapoteza wote, nao humsahihisha wenyewe jibu linapotoka. Nimeona makosa ya ngeli yakiondoka kwa njia hii upesi kuliko kwa mazoezi ya daftarini, maana hapa kosa lina matokeo ambayo mtoto anayaona mara moja.

Barabara hiyo hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na humo kidokezo cha ngeli peke yake hakifai kitu, kwa kuwa tembo, twiga, pundamilia na nyani wote ni "ninamwona". Hapo ongezeni silabi ya kwanza. "Ninamwona, anaanza na nya" bado huacha nyani na nyati, kwa hiyo lazima mtu aulize kama ana pembe. Mkifika Ruaha Mbuyuni, ambako mibuyu imetapakaa kila upande, marufuku kuchagua mbuyu.

Kwa mnyororo wa maneno, msitumie herufi ya mwisho. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, hivyo mchezo huzunguka kwenye herufi tano na kuchosha haraka. Tumieni silabi ya mwisho: gari, risasi, siafu, fundo, ndoo, orodha, dhahabu. Kwenye "ndoo" hutokea ubishi mzuri sana, kwa sababu wengine hudai silabi ya mwisho ni "ndoo" nzima, na njia ya kuumaliza ni kupiga makofi kwa kila silabi: ndo, o. Vitenzi visiruhusiwe, la sivyo kila anayepata "ku" atajibu kula, kulala au kukimbia bila kufikiri. Mtoto mwerevu hugundua baada ya muda kwamba akipewa "go" na kujibu "gogo", anamrudishia mwenzake silabi ile ile. Hata wa miaka minne au mitano aweza kushiriki akisaidiwa kidogo, kwa kuwa uwezo wa kugawa neno kwa silabi hutangulia ule wa kutenga sauti moja moja.

Wakubwa zaidi wafundisheni kinyume, mchezo wa zamani wa pwani ambao askofu Mwingereza Edward Steere aliuonyesha katika kitabu chake cha Kiswahili cha karne ya 19. Silabi ya mwisho huhamia mwanzo: chakula huwa "lachaku", Morogoro huwa "Romorogo" na Iringa huwa "Ngairi". Waacheni wagundue wenyewe kwamba mama, baba, kaka na dada hawageuki hata kidogo, lakini babu huwa "buba". Namba za magari nazo zinafaa kwa muda mfupi, kwa kutunga sentensi kutokana na herufi tatu za mwisho. DBK, kwa mfano, yaweza kuwa "Dada bado kalala".

Mnapopanda Kitonga, kwenye kona kali na malori yanayojikongoja, michezo yote isimame ili dereva asikie na kuona vizuri. Giza likiingia, kutazama nje hakuna maana tena, na hapo vitendawili ndivyo vinavyofaa. Anzeni na vile vilivyo karibu na mtoto: "Pita huku nami nipite huku, tukutane kati," na jibu, mkanda, amelifunga kiunoni. Akishindwa, hutoa mji kama ilivyo desturi, ila garini mimi huongeza sharti kwamba mji huo uwe kwenye njia mnayosafiri. Akitoa Mombasa au Zanzibar, mtegaji aukatae mpaka atajiwe Chalinze, Mikumi au Ilula, na jina la mji likisharudiwa haliruhusiwi tena mpaka mwisho wa safari.