Insha Zilizorushwa Ngazini: Kwa Nini Wasahihishaji Hawakubaliani

Kuna mzaha ambao kila mwalimu wa Kiswahili hukutana nao mapema: mwalimu hupanda na rundo la insha hadi juu ya ngazi, akazirusha, kisha kila insha ikapata alama kulingana na mahali ilipoangukia. Nchini Ufaransa, ambako kazi husahihishwa kwa alama 20, wanafunzi husema kuwa 20 ni ya Mungu na 19 ni ya mwalimu, kwa hiyo mwanafunzi aanze kuhesabu kutoka 18. Mizaha hii hunichekesha sana, lakini kwa kuwa usahihishaji ndio taaluma yangu, naichukulia pia kama ushahidi, maana jambo inalolidai limewahi kupimwa.

Mwaka 1912 Daniel Starch na Edward Elliott, watafiti wa Marekani, walituma nakala za insha zilezile za Kiingereza kwa walimu wa shule nyingi za sekondari. Insha moja ilipata alama 64 kwa mwalimu mmoja na 98 kwa mwingine. Walipoambiwa kuwa lugha ni suala la ladha ya msomaji, walituma karatasi ya jiometria mwaka uliofuata, na pengo likawa kubwa zaidi, kutoka chini ya 30 hadi zaidi ya 90, kwa kuwa baadhi ya walimu waliadhibu ukosefu wa unadhifu na makosa ya tahajia ilhali wengine walitazama hesabu peke yake.

Utafiti unaonigusa zaidi, hata hivyo, ni wa Philip Hartog na E. C. Rhodes, uliochapishwa Uingereza mwaka 1935. Wasahihishaji 14 walipewa karatasi 15 za historia, na baada ya mwaka mmoja au zaidi wakapewa karatasi hizohizo tena. Katika maamuzi 210, maamuzi 92 yalibadilika: aliyefaulu akaanguka, au aliyeanguka akafaulu, au daraja likapanda au kushuka. Hapa hakuna tena suala la mwalimu mkali na mwalimu mpole; msahihishaji ametofautiana na nafsi yake.

Ndiyo maana nasema kuwa mzaha wa ngazi umeona tatizo lakini umekosea chanzo chake. Msahihishaji hatupi kura. Anasoma kwa makini, ila insha ya wastani inayofuata insha bora huonekana dhaifu kuliko ilivyo, mwandiko mzuri humvutia bila yeye kujua, na uchovu wa jioni humfanya asome tofauti na alivyosoma asubuhi. Zaidi ya hayo, walimu wawili waaminifu wanaweza kuthamini mambo tofauti: mmoja hoja, mwingine ufasaha.

Nchini Kenya, insha ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, hutolewa alama kati ya 20, na mwongozo huigawa katika viwango vinne: D ni 01 hadi 05, C ni 06 hadi 10, B ni 11 hadi 15, na A ni 16 hadi 20. Faida ya mpango huu ni kwamba msahihishaji huamua kwanza kiwango, akizingatia maudhui, msamiati, mtindo, sarufi na hijai (yaani tahajia), kisha ndipo atafute alama ndani ya kiwango hicho. Wasomaji wawili wakikubaliana juu ya kiwango, tofauti inayobaki kati yao haiwezi kuzidi alama nne.

Darasani naamini mwanafunzi ana haki ya kuuona mwongozo huo kabla hajashika kalamu. Mimi hufunika majina, husahihisha swali moja kwa darasa zima kabla ya kugusa la pili, na hubadilisha mpangilio wa karatasi ili asiwepo anayesomwa mwisho kila mara. Mwanafunzi asiyeridhika hupelekewa insha yake kwa mwalimu wa pili ambaye haoni alama yangu, na tukitofautiana kiwango, sote watatu huketi na kuisoma upya, aya kwa aya.