Je, San Diego ilianzishwa na dalali wa viwanja?

Wengi husema Alonzo Horton ndiye aliyeuanzisha mji wa San Diego, California. Wenyeji wenyewe humwita "Baba wa San Diego". Si kweli, na kosa hili linawafuta watu waliomtangulia.

Horton alifika Aprili 1867 akitoka San Francisco, alikokuwa na duka la samani. Alinunua mnadani ekari 960 hivi kando ya ghuba kwa dola 265, yaani chini ya senti 28 kwa ekari. Lakini Wahispania walikuwa na ngome na misheni yao San Diego tangu 1769, na Wakumeyaay, wakazi wa asili wa eneo hilo, waliishi pwani hiyo zamani sana kabla ya hao. Hata wazo la kuusogeza mji karibu na maji halikuwa lake: mfanyabiashara William Heath Davis alilijaribu mwaka 1850, likamshinda.

Alichokifanya Horton ni udalali, na kazi hiyo aliijua barabara. Tazama ramani ya katikati ya mji: vitalu ni vifupi, futi 200 kwa 300, tena havina vichochoro. Vitalu vikiwa vifupi, viwanja vya kona huwa vingi, na kiwanja cha kona huuzwa ghali. Makanisa aliyapa viwanja bure. Mwaka 1870 akafungua hoteli kubwa, Horton House, ili mnunuzi mgeni apate pa kulala. Miaka 2 baadaye moto ukateketeza maduka mengi ya ule mji wa zamani uliokuwa mbali na ghuba, na biashara zikahamia kwake.