Dunia haiisogezei ndege uwanja

Kuna hoja nimechoka nayo: eti kutoka Tokyo kurudi Hong Kong ni haraka kuliko kwenda, "kwa sababu dunia inazunguka kuelekea mashariki, basi Hong Kong inaifuata ndege." Halafu mtu anakutolea tiketi kama ushahidi.

Haya, tuisome. Tuseme ni Januari. Kuondoka Hong Kong saa nne asubuhi, kufika Tokyo saa tisa alasiri. Kurudi, saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Tano kwenda, nne kurudi! Ndugu yangu, kila mji umeandikiwa saa zake, na Tokyo iko mbele kwa saa moja. Punguza moja kwenye kwenda, ongeza moja kwenye kurudi: nne kwenda, tano kurudi. Kinyume kabisa cha unachonibishia.

Hewa inazunguka pamoja na dunia. Ndege iliyoegeshwa Hong Kong tayari inakwenda mashariki zaidi ya kilomita 1,500 kwa saa, na wewe ndani yake, na uwanja wenyewe. Kama dunia ingeiacha hewa nyuma, nani angebaki na paa?

Sisi tunaopanga njia za ndege tunahangaika na upepo. Majira ya baridi, juu ya Japani, hupita mkondo wa upepo kutoka magharibi unaoweza kuzidi kilomita 300 kwa saa. Mtaalamu wa hali ya hewa wa Japani, Wasaburo Oishi, aliufuatilia kwa maputo miaka ya 1920, akaandika ripoti yake kwa Kiesperanto, lugha iliyobuniwa iwe ya mataifa yote, mwaka 1926 ili ulimwengu uisome. Ulimwengu haukuisoma. Marubani wa B-29, ndege za Marekani za kudondosha mabomu, waliujua mwaka 1944, mabomu yao yalipokuwa yakipeperushwa nje ya shabaha.

Sasa hesabu. Umbali ni kama kilomita 2,950. Kwenda, ndege ikipasua hewa kwa kilomita 880 kwa saa, na upepo wa wastani wa kilomita 130 kwa saa ukiisukuma, ni saa 2 na dakika 55 angani. Kurudi, upepo huohuo ukiikabili, ni saa 3 na dakika 56. Mwendo wa ardhini uwanjani na foleni ya kutua vinajaza iliyobaki. Na usiseme kwenda na kurudi vinafidiana: bila upepo safari zote mbili zingechukua saa 6 na dakika 42, na hapa tumetumia 6 na 51, kwa sababu unakaa muda mrefu zaidi kwenye upepo unaokupinga kuliko kwenye unaokusaidia. Ndiyo maana kurudi mara nyingine tunaikwepa njia fupi ya ramani. Kilomita zinaongezeka, dakika zinapungua.

Nikiri mambo mawili. Muda wa kwenye tiketi umetiwa akiba, ili tukichelewa kidogo tuonekane tumewahi. Na mzunguko wa dunia haumo nje kabisa: ndio unaoipinda hewa inayotoka tropiki hadi ikawa mkondo huo wa magharibi. Ila unaisukuma ndege yako kwenda Tokyo, si kurudi.

Tiketi ya Julai usiniletee. Wakati huo mkondo umedhoofu na kusogea kaskazini, tofauti inapungua, na tutabishana upya.